UZI: Costa del Sol bila ufukwe – safari za siku moja kutoka Málaga kuingia bara

PwaniMpakaBara (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Kila kiangazi ndugu zetu walioko Uingereza, Uholanzi na Ujerumani wanashuka hapa Málaga, kusini mwa Hispania, kwa ndege za bei nafuu, wanafikia miji ya mwambao huu wa Costa del Sol kama Torremolinos, Benalmádena au Fuengirola, na wiki nzima inaishia kwenye mchanga. Wakirudi wanasema Hispania wameiona. Mimi naishi Fuengirola, nafanya kazi hotelini, na jambo hili linaniuma kweli. Mtu aliyekulia Tanga, Lamu au Bagamoyo hana haja ya kukata tiketi ya ndege aje kutazama bahari. Bahari anayo. Asichokuwa nacho ni kile kilichoko nyuma ya milima inayoonekana kutoka dirishani mwa hoteli yake, na kukifikia ni mwendo wa saa moja au mbili tu.

Nafungua uzi huu tuweke pamoja safari za kwenda asubuhi na kurudi jioni. Naanza na ninazozijua vizuri, wengine mtaongeza.

Kanuni yangu ni moja: siku moja, mji mmoja. Vibanda vya utalii pale ufukweni vinauza safari za miji miwili mitatu kwa mpigo. Unashushwa, unapewa saa moja na nusu, unapiga picha, unarudishwa kwenye kiti. Siku nzima umekaa ndani ya basi. Ukienda mwenyewe kwa treni au basi la abiria, mara nyingi unalipa pungufu, na siku inakuwa yako.

Usafiri: treni ya mwambao, C-1, inaanzia Fuengirola, inapita Benalmádena, Torremolinos na uwanja wa ndege hadi katikati ya Málaga, kila baada ya dakika 20 hivi. Shukeni kituo cha María Zambrano. Hapo ndipo zinapoondokea treni za mbali, na stendi kuu ya mabasi iko jirani kabisa. Karibu safari zote nitakazotaja zinaanzia hapo.

RONDA. Mji umekaa juu ya genge, na korongo la El Tajo limeupasua katikati. Daraja linalounganisha pande mbili, Puente Nuevo, lina kimo cha mita 98. Lililotangulia lilijengwa harakaharaka, likaporomoka mwaka 1741 na kuua watu wapatao 50. Safari hii hawakuharakisha: walianza 1759, wakamaliza 1793. Juu ya tao la kati kuna chumba kilichowahi kutumika kama jela.

Wengi wanasimama juu ya daraja, wanachungulia, wanaondoka. Msifanye hivyo. Ingieni mji wa kale mpaka uwanja wa María Auxiliadora; pale kuna njia ya miguu inayoshuka korongoni. Kila kona mnayokata, daraja linazidi kurefuka juu yenu. Mkifika chini mnaona ndege weusi jamii ya kunguru wakiingia na kutoka kwenye nyufa za mwamba, sauti ya maji inapanda, na nyumba nyeupe za juu zimekaa ukingoni kabisa, ukuta wa nyumba na ukuta wa genge ni mstari mmoja. Vaeni viatu vyenye soli nzuri, maana kokoto zinateleza. Kisha tafuteni hamamu ya kale ya zama za Waislamu upande wa chini wa mji, ya karne ya 13. Dari lake lina matundu yenye umbo la nyota, na jua likiwa juu, nyota hizo zinahama taratibu sakafuni. Keti hapo ndani dakika kumi, hakuna atakayekufukuza.

Basi kutoka Málaga ni kama saa mbili. Wenye gari la kukodi upande wa Marbella wanapandia San Pedro de Alcántara kwa barabara ya A-397. Ni kona mwanzo mwisho, wanaochafukwa na tumbo wakae mbele.

CAMINITO DEL REY. Hii ni njia ya mbao iliyobanwa kwenye ukuta wa korongo la Los Gaitanes, karibu na El Chorro, mto uko kama mita 100 chini yako. Ya mwanzo ilijengwa kati ya 1901 na 1905 ili mafundi wa mitambo ya umeme wa maji wapite. Mfalme Alfonso wa 13 alipita mwaka 1921 alipokuja kuzindua bwawa, ndipo ikaitwa njia ndogo ya mfalme. Baadaye ikachakaa, watu wakafa pale mwaka 1999 na 2000, ikafungwa. Ilifunguliwa upya mwaka 2015 ikiwa imejengwa yote upya. Ukitazama chini ya miguu yako unaiona ile ya zamani bado ipo, zege limekatika vipandevipande, mahali pengine imebaki nondo tupu inayochomoza mwambani. Hapo ndipo unapoelewa mafundi wale walikuwa wanakwenda kazini vipi.

Jumla ni kilomita 7.7 hivi, na za mbao ni kama 3. Mwendo ni wa upande mmoja, kutoka Ardales kuteremkia El Chorro. Kofia ngumu unapewa mlangoni na ni lazima. Watoto chini ya miaka 8 hawaruhusiwi kabisa. Jumatatu wanafunga, na upepo ukizidi wanafunga pia. Tiketi zinaisha wiki kadhaa kabla, kwa hiyo ukishakata tiketi ya ndege, kata na hii. Treni kutoka María Zambrano hadi El Chorro ni chini ya saa moja, lakini ni chache kwa siku. Ukishuka kuna basi dogo linalokupeleka upande wa kuanzia.

ANTEQUERA. Huu ndio mji ninaoupenda kuliko yote, na ndio unaorukwa na wengi. Pembeni ya mji kuna makaburi ya mawe, dolmeni, yaliyojengwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Kubwa linaitwa Menga. Lina umri unaozidi piramidi za Giza, na moja ya mawe ya paa lake linakadiriwa kuwa na tani 150. Ukiingia ndani ukageuka kutazama mlangoni, unaona jabali la Peña de los Enamorados limekaa sawia katikati ya mlango, lina umbo la uso wa mtu aliyelala chali akitazama mbingu. Makaburi ya namna hii kwa kawaida yanaelekezwa kwenye mawio ya jua. Hili wamelielekeza kwenye mlima. Walikuwa na sababu yao, na ukisimama pale gizani unaihisi kabla hujaelezwa chochote. UNESCO waliyaandikisha mwaka 2016 pamoja na jabali hilo na hifadhi ya El Torcal iliyo juu ya mji, ambako chokaa iliyokuwa sakafu ya bahari zama za dinosaria imesimama tabaka juu ya tabaka kama chapati zilizopangwa kwenye sinia. El Torcal hakuna basi la abiria, chukueni teksi kutoka mjini na mkubaliane na dereva saa ya kuwarudia.

Granada na Córdoba nawaachia wanaoishi huko. Karibuni.

---

Jirani wa Leeds

Mkuu umenifikia wakati mwafaka. Tunakuja Agosti, tumepanga Benalmádena. Niko na mke wangu, mtoto wa miaka 6, mwingine wa 11, na mama yangu mzazi amevuka 70, magoti yanamsumbua. Gari sitaki kukodi. Katika hizo zote, ipi inatufaa sisi? Naona Caminito tayari imetukataa.

---

PwaniMpakaBara

Karibu sana jirani, na umpe bimkubwa shikamoo yangu.

Caminito msahau kwa huyo wa miaka 6, wanakagua kitambulisho cha mtoto mlangoni. Ronda mnaweza, ila bimkubwa abaki juu. Kuna bustani ya Alameda del Tajo ukingoni mwa korongo, ina vivuli na mabenchi, na mandhari yake haipungukiwi na kitu.

Ningekuwa mimi, siku ya kwanza ningempeleka Antequera kwenye dolmeni. Njia ni fupi, hakuna kupanda, na ndani ya Menga kuna ubaridi hata Agosti. Siku nyingine Málaga mjini kwenyewe, ambako watu wanapita tu wakikimbilia ndege. Sokoni Atarazanas lango kubwa la mawe ni la karne ya 14, lilikuwa la karakana ya meli wakati wa utawala wa Waislamu. Leo ndani kuna samaki, zeituni, lozi na komamanga. Ngome ya Alcazaba ina mteremko lakini ina bustani na maji, mnapumzika kila hatua. Chini yake kuna ukumbi wa michezo wa Warumi uliogunduliwa mwaka 1951, unauona bure ukiwa umesimama barabarani. Na huyo wa miaka 11 kama anapenda kuchora, mwonyeshe nyumba ya Plaza de la Merced alikozaliwa Picasso mwaka 1881.

Muhimu kuliko yote kwa Agosti: tokeni na treni ya asubuhi kabisa. Kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja maduka mengi ya miji midogo yanafungwa, wenyeji wako ndani. Huo ndio muda wa kula na kukaa kivulini. Mgahawani ulizeni menú del día: chakula cha kuanzia, chakula chenyewe, kitindamlo na kinywaji kwa bei moja.

---

Sele wa Tanga

Mleta uzi, hapo kwenye kanuni yako ya siku moja mji mmoja sikubaliani nawe kabisa. Upande wa mashariki, Nerja na Frigiliana zinaenda pamoja vizuri tu. Asubuhi mapango ya Nerja, mchana Frigiliana, jioni basi la kurudi Málaga. Kutoka Nerja kupanda Frigiliana ni kilomita 6 hivi na mabasi yapo.

Mapango yenyewe waliyagundua vijana watano mwezi Januari 1959, walikuwa wanafuata popo. Ndani kuna nguzo ya mawe ya mita 32, imeundwa na matone ya maji tu, tone baada ya tone. Mwenzangu wa Leeds, kwa mama yako sishauri, ngazi ni nyingi mno.

Frigiliana ni kijiji cheupe mlimani. Wageni wanapiga picha milango ya buluu na maua, ila ukisoma vigae vilivyopachikwa kutani ukiwa unapanda, vinasimulia vita ya mwaka 1569. Wakazi wa hapa wakati ule walikuwa Wamorisko, Waislamu waliolazimishwa kubatizwa. Waliasi, wakakimbilia jabali lililo juu ya kijiji, wakashindwa. Miaka 40 baadaye Wamorisko wote wakaanza kufukuzwa Hispania. Kwa hiyo unapanda zile ngazi unasoma kigae kimoja, unapanda tena unasoma kingine, na ukifika juu hadithi imeisha na kijiji chote kiko chini yako. Mimi nilishindwa kuongea.

Halafu agizeni mabiringanya. Yanakatwa vijiti, yanakaangwa mpaka yakauke nje na kulainika ndani, yanamwagiwa asali ya miwa nyeusi inayotengenezwa hapohapo kijijini. Miwa ililetwa pwani hii na Waarabu. Nilipoonja nikajikuta naitafuta sukari guru ya nyumbani.

---

PwaniMpakaBara

Sele, kwa Nerja na Frigiliana nakubali, nazihesabu kama sehemu moja maana kijiji kiko juu ya mji palepale. Nilichokataa ni kuunganisha miji iliyo saa mbili mbali.

Na hapohapo niseme kuhusu Setenil de las Bodegas, kile kijiji chenye nyumba zilizojengwa chini ya mwamba, paa ni jabali lenyewe. Kipo jirani na Ronda lakini mabasi ni ya shida. Ukiwa na gari, lala Ronda, asubuhi nenda Setenil kabla mabasi ya watalii hayajafika. Kwa siku moja kutoka ufukweni, vyote viwili, hapana.

---

Msomi wa Granada

Nimesubiri mtu ataje Granada. Nasoma huku, na naomba nieleze kwa kirefu kidogo kwa sababu hii ndiyo safari inayoharibika kuliko zote kwa kukosa maelezo.

Basi kutoka Málaga ni saa moja na nusu hadi mbili, yapo mengi. Tatizo ni tiketi za Alhambra, ile ngome yenye majumba ya masultani wa zamani. Kata mapema kwenye tovuti rasmi ya Alhambra, kwa jina lako kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, na siku hiyo beba pasipoti yenyewe, picha ya simu haitoshi. Tiketi ina saa yake maalumu ya kuingia majumba ya Wanasridi, ukoo wa masultani waliotawala Granada. Ukichelewa, huingii, hata kama umetoka Dodoma. Bustani za Generalife na ngome hazina saa maalumu kama hiyo, kwa hiyo panga kila kitu kuzunguka saa ile ya majumba. Kutoka mlango mmoja kwenda mwingine ni mwendo wa dakika 15 au zaidi, watu hawajui hili, wanakimbia wakihema.

Sasa kwa nini sisi. Kutani kote kumeandikwa sentensi ileile, imerudiwa mara zisizohesabika juu ya milango na kwenye nakshi za plasta: wa la ghaliba illa Allah, hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Watalii waliozunguka nami wanaona mapambo. Mtu aliyesoma chuoni, akakaa juu ya jamvi na msahafu, anasoma. Siku ya kwanza nilisoma kwa sauti bila kukusudia, na mzee mmoja wa Kihispania aliyekuwa pembeni akaniomba nimsomee ukuta mzima. Tulikwenda naye chumba kwa chumba.

Na kuna mtu anayetuunganisha na huku moja kwa moja. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Moroko, alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliusifu mji wa Kilwa kwa uzuri wake. Karibu miaka 20 baadaye, yapata 1350, alivuka kutoka Moroko akapita Ronda, Marbella, Málaga hadi Granada, yaani barabara hiihii mnayoijadili. Málaga alisifia zabibu, tini na vyombo vya udongo vyenye rangi ya dhahabu. Granada hakumwona Sultani Yusuf wa Kwanza kwa sababu alikuwa mgonjwa, lakini mama wa sultani alimpelekea dinari za dhahabu za kumsaidia safarini. Ua wa Simba, ule wenye chemchemi na simba 12 ambao kila mtu anaupiga picha leo, ulikuwa haujajengwa. Aliujenga mwana wa Yusuf, Muhammad wa Tano. Miji hii na Kilwa ilikuwa hai kwa wakati mmoja, na mtu yuleyule aliikanyaga yote. Hilo haliko kwenye maelezo ya watembeza watalii.

Mji ulisalimishwa tarehe 2 Januari 1492.

Kwa maoni yangu Granada haitoshi siku moja. Lakini kama ndiyo hiyo tu mliyonayo, pandeni basi la kwanza, Alhambra asubuhi, kisha mvuke bonde mpande mtaa wa Albaicín alasiri mkae uwanja wa San Nicolás mpaka jua linapoanza kushuka na kuta za Alhambra zinageuka nyekundu. Basi la kurudi mnaliwahi.

---

Mama Nasra

Mashaallah mwanangu, umeeleza vizuri, Mungu akuzidishie elimu. Naomba kuuliza, sisi tunaotaka kuswali na kula halali tunafanyaje huko? Tuko kikundi cha akina mama kutoka Birmingham.

---

Msomi wa Granada

Shikamoo mama. Pale San Nicolás penyewe, hatua chache kutoka uwanjani, kuna Msikiti Mkuu wa Granada uliofunguliwa mwaka 2003. Bustani yake inatazamana na Alhambra, na milima ya Sierra Nevada iko nyuma. Mtaswali, mtakaa, mtapumua. Ukisikia adhana pale, katika mji uliokaa zaidi ya miaka 500 bila msikiti mpya, machozi yanakuja yenyewe.

Chakula: mtaa wa Calderería Nueva una vibanda vya chai na migahawa ya Wamoroko, ulizeni halali mtaonyeshwa. Kwenye baa za kawaida muwe waangalifu. Granada ukinunua kinywaji unaletewa kitafunwa bure, na mara nyingi ni nyama ya nguruwe. Semeni mapema "sin cerdo", wanaelewa na hawakasiriki.

---

Kapteni Mshale

Mama Nasra, mkitaka kwenda na Córdoba, kuna jambo la kujua mapema ili msiumie mkiwa mle ndani. Msikiti ule mkubwa, ulioanzishwa na Abd al-Rahman wa Kwanza mwaka 785, ni kanisa kuu tangu 1236, na Waislamu hawaruhusiwi kuswali ndani. Walinzi wanafuatilia. Nimeona mtu akizuiwa akiwa ameinua mikono tu, kwa upole, lakini akazuiwa.

Ingieni hata hivyo. Nguzo zimebaki 856, na zile za sehemu ya kwanza kujengwa zinatofautiana maana nyingi zilitolewa kwenye majengo ya zamani ya Warumi na Wavisigothi, waliotawala Hispania kabla ya Waislamu. Zilikuwa fupi, ndipo mafundi wakaweka tao juu ya tao, nyekundu na nyeupe, ili kuinua dari. Tembeeni polepole na mtazame jinsi mistari ya nguzo inavyofunguka na kufunga kila mnapopiga hatua. Mwishoni kuna mihrabu yenye vigae vidogo vya dhahabu, kazi iliyofanywa kwa msaada wa fundi kutoka Bizanti. Na katikati ya yote, ghafla, dari linapaa na unajikuta ndani ya kanisa la karne ya 16. Mtu wa imani yoyote hatoki pale bila kuwaza.

Kutoka Málaga, treni ya kasi ni kama saa moja. Hii inaweza kuwa safari rahisi kuliko Ronda ingawa ni mbali zaidi. Ila Julai na Agosti Córdoba inapita nyuzi 40, na hakuna upepo wa bahari. Msiende na mzee wala mtoto mdogo. Machi, Aprili, Oktoba, Novemba ndiyo miezi yake. Mei ni mzuri pia, wenyeji wanafungua nyua zao zenye maua watu waingie watazame, ila mji unajaa.

---

Nyambura BCN

Hamjambo. Nawasalimu kutoka Barcelona. Nina mambo mawili ya karatasi ambayo naona hayajatajwa, na yanawakwamisha wengi wetu.

La kwanza, gari. Kama leseni yako ni ya Kenya, Tanzania au Uganda na uko hapa kama mgeni, unahitaji leseni ya kimataifa pamoja na ile ya nyumbani. Itoe kabla ya kuondoka. Kampuni nyingine za kukodisha zitakupa gari bila kuuliza, lakini polisi akikusimamisha au ukigonga mtu, bima inaanza kutafuta sababu.

La pili, Tangier. Kuna meli kutoka Tarifa, ni kama saa moja tu kuvuka, na vibanda vya utalii vinaiuza kama safari ya siku. Kama viza yako ya Schengen ni ya kuingia mara moja, ukishapita ukaguzi wa kutoka pale Tarifa, viza imekwisha. Hakuna kurudi hotelini. Na viza ya Moroko nayo ni suala lake. Angalieni kwenye viza yenu palipoandikwa idadi ya kuingia: 1, 2 au MULT (mara nyingi). Kama ni 1, kaeni upande huu wa maji.

Halafu kuna sehemu moja naipenda na sijaiona humu: ziwa la Fuente de Piedra, kaskazini-magharibi ya Antequera. Ni ziwa la chumvi, na heroe, hawa flamingo tunaowajua Nakuru na Natron, wanakuja kutaga hapo kwa maelfu. Wa huku ni wale wakubwa, weupe wenye waridi mabawani. Mwaka wa mvua nzuri ziwa linajaa na kelele zao unazisikia kabla hujawaona. Mwaka wa ukame linabaki uwanja mweupe wa chumvi, kwa hiyo ulizia hali ya maji kabla ya kwenda. Nendeni kati ya Februari na Mei. Mimi ni wa Nakuru. Nilipowaona wanainua mabawa yote kwa pamoja nilipiga simu nyumbani palepale nikawasikilizisha.

---

Jirani wa Leeds

Jamani asanteni sana, nimenakili kila kitu. Nyambura, Agosti basi ziwa tumelikosa, tutarudi. Mpango wetu ni huu: Jumapili Málaga mjini, Jumatatu Antequera kwenye dolmeni, Jumatano Ronda, Ijumaa mimi na huyu mkubwa Frigiliana, mama na wengine wabaki hotelini. Granada na Córdoba tumeziweka kwa likizo ya Pasaka. Mleta uzi unaonaje?

---

PwaniMpakaBara

Mpango mzuri, badilisha kimoja tu: Jumatatu dolmeni zinafungwa, na makumbusho mengi ya jimbo hili la Andalusia vilevile. Peleka Antequera Jumanne. Jumatatu pandeni Mijas, kijiji cheupe kilicho juu ya Fuengirola, basi ni nusu saa na linashusha katikati ya kijiji, bimkubwa hatapanda ngazi. Wale punda wa kubeba watalii mtawaona wamepangwa pale kituoni. Agosti joto ni kali na wanafanya kazi mchana kutwa, mimi watoto wangu siwapandishi.

Jumapili nendeni Alcazaba baada ya saa nane mchana, kiingilio ni bure. Leteni kofia na chupa za maji za kujaza.

Kwa Pasaka, wiki yenyewe takatifu maandamano ya kidini yanafunga barabara za Málaga, Granada na Córdoba, na vyumba vinapanda bei. Kama mnataka kuona maandamano, njooni, ni mambo makubwa sana. Kama mnataka Alhambra kwa utulivu, njooni wiki mbili baadaye, na tiketi mkate kuanzia Januari.